Maswali mnayotuuliza sana kuhusu chakula cha jioni cha vyakula vya Kusini na waini ya Dodoma

Kila tukitangaza chakula hiki simu zinajaa maswali yale yale, na ni maswali ya maana kabisa, kwa hiyo tumeona tuyajibu kwa kirefu ili mtu akija awe anajua anakuja kukutana na nini.

Kwani ni shughuli gani hii hasa?

Ni chakula cha jioni ila kimepangwa. Tunakaa meza moja ndefu pale Mikindani, sahani zinakuja moja moja, tano kwa jumla, na kila sahani inakuja na waini yake kidogo tuliyoichagua kwa ajili ya sahani hiyo. Aliyepika anasimama anaeleza kapika nini na kimetoka wapi, halafu unaonja chakula, unaonja waini, unarudi tena kwenye chakula, na hapo ndo utamu wenyewe ulipo kwa sababu pweza uliyemla kabla ya waini na pweza huyo huyo baada ya waini utaona kabisa ladha imehama.

Kanuni yetu ni kwamba cha kula kiwe cha Mtwara au Lindi, na cha kunywa kiwe kimetoka kwenye zabibu za Dodoma. Vingine vyote vinaweza kubadilika, hilo halibadiliki.

Kwanini waini ya Dodoma wakati za Afrika Kusini zimejaa madukani?

Zimejaa na nyingine ni nzuri, hatuzisemi vibaya. Ila Dodoma ina kitu chake na wengi wetu tumekua tukijua jina tu bila kuionja kwa utulivu. Zabibu pale zilipandwa na wamisionari wa Kikatoliki kule Bihawana mwaka 1957 na ardhi ikazikubali. Dodoma iko juu, kama mita 1,100 na zaidi kutoka usawa wa bahari, kiangazi ni kirefu, mvua ni chache, mchana jua linawaka na usiku panapoa, na huko kupoa kwa usiku kunaisaidia zabibu ibaki na uchachu wake isiwe sukari tupu. Afu kuna jambo ambalo watu wakisikia wanashangaa: nchi za baridi mzabibu unalala msimu mzima kwa hiyo unavunwa mara moja kwa mwaka, lakini Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, mkulima akishavuna anapogoa matawi na mti unaanza upya, kwa hiyo anavuna mara mbili, mzunguko mmoja kwenye mwezi wa pili na wa tatu hivi na mwingine wa nane na wa tisa.

Na kuna sababu nyingine ambayo kwetu ni kubwa kuliko hizo. Mkulima wa zabibu wa Hombolo kule Dodoma na mkulima wa korosho wa Tandahimba shida yao ni moja, wote wanauza mazao ghafi na thamani inaongezwa mbali nao. Korosho yetu nyingi inaondoka na maganda yake kwenda India na Vietnam kubanguliwa huko. Zabibu kiwanda kisipoichukua kwa wakati inamuozea mkulima shambani, haina subira kama korosho inayoweza kukaa ghalani ikisubiri mnada. Sasa tunapoweka mezani korosho iliyobanguliwa hapa hapa na waini iliyotengenezwa hapa hapa nchini, pale tunakula kazi ya Watanzania kuanzia shambani mpaka kwenye sahani, na hili tunalisema kwa moyo wote.

Mnapika nini?

Menyu inafuata bahari na msimu kwa hiyo haiwi ile ile, ila niwape mfano wa namna inavyokwenda.

Tunaanza na korosho za kukaanga zenye chumvi na ming'oko ya kuchemsha. Ambaye hajakulia huku, ming'oko ni viazi vya porini vyembamba virefu, vinachimbwa, vinachemshwa, vinaliwa na chumvi ya pilipili na ndimu. Hapo tunatoa waini nyeupe kavu ya baridi ya zabibu ya Chenin Blanc, ambayo asili yake ni Ufaransa lakini Dodoma imekaa kama kwao. Korosho ina mafuta mengi na mafuta yanaulaza ulimi, ule uchachu wa waini unakuja kuuosha, mkono unarudi tena kwenye bakuli bila kutumwa.

Wa pili ni pweza wa nazi. Huyu ndo tunayemsubiri wote. Pweza anapatikana vizuri wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana miamba inatoka nje na kina mama wanaingia kwa miguu na vijiti vyao kutafuta mashimo, kwa hiyo tarehe za chakula chetu tunazipanga kwa kuangalia mwezi, mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Akishapatikana anapigwa kwanza mpaka nyama ilegee, anachemshwa kwa maji yake mwenyewe taratibu, ndo linakuja tui. Tui la pili, lile jepesi, linatangulia na bizari na kitunguu saumu, likipungua ndo unamimina tui zito la kwanza, hapo moto unakuwa mdogo na mkono haukauki kukoroga maana likichemka kwa fujo linakatika, utaona mafuta yamejitenga juu na mchuzi umekuwa chenga chenga. Pweza huyu analiwa na mhogo wa kuchemsha, na anapewa nyeupe ile ile au nyeupe yenye utamu kidogo kama pilipili imezidi.

Kisha samaki wa kupaka, kolekole au changu kutegemea mnada wa feri asubuhi umekujaje. Baada ya hapo kuku wa kienyeji wa kuchoma na kisamvu cha korosho, na ugali wa mhogo kwa wanaoupenda, hapo ndo nyekundu inaingia. Kisamvu hiki naomba nikisemee. Majani yanatwangwa kwenye kinu pamoja na kitunguu, yanachemshwa muda mrefu bila haraka, kisamvu kibichi sio cha kuharakisha kwa sababu kina sumu inayotoka kwa kutwangwa na kupikwa vizuri, halafu badala ya karanga tunaweka korosho iliyosagwa, na tunatumia vile vipande vilivyovunjika wakati wa kubangua, bei yake nafuu na ladha ni ile ile. Kinakuwa kizito, kina utamu wa mbali, na ule uchungu mdogo wa jani unabaki. Kwangu mimi hicho kisamvu na waini nyekundu ya Makutupora ndo sababu ya kufanya shughuli yote hii.

Tunamaliza na kashata za ufuta, ufuta wa Lindi, na embe kama ni msimu wake, na dompo kidogo, ile waini tamu ya Dodoma. Dompo wengi mnaijua ya kunywa kwa chupa baridi, tulia uone inavyokaa na ufuta uliokaangwa na sukari.

Nimesikia waini nyekundu na samaki haviendani, ni kweli?

Mara nyingi ni kweli na sababu yake inaeleweka. Waini nyekundu inatengenezwa na maganda ya zabibu yakiwa humo humo, na ganda pamoja na mbegu ndo vinatoa rangi na kile kitu kinachokausha mdomo kinachoitwa tanini. Waini hiyo ikikutana na mafuta ya samaki, hasa jodari au dagaa, mdomoni inabaki ladha kama umelamba chuma. Waini nyeupe juisi inatenganishwa na maganda mapema na mara nyingi haina shida hiyo.

Na tanini nyie wa huku mnaijua kuliko mtu yeyote, ni bibo, lile tunda la mkorosho. Ule ukakasi wa kula bibo bichi, ulimi unakaza, mashavu yanavutwa ndani, koo linakereketa, ndo hiyo hiyo, bibo limejaa tanini. Mtu wa Newala au Masasi akionja nyekundu kavu kwa mara ya kwanza anaambiwa eti hajazoea waini, wakati mdomo wake umeizoea hiyo hali tangu utotoni kila ikifika mwezi wa kumi na moja. Mnajua pia dawa yake, bibo likitiwa chumvi ukakasi unapungua. Na mezani ni hivyo hivyo, chumvi na mafuta vinaulainisha ukali wa waini nyekundu, ndo maana tunaipeleka kwa kuku wa kuchoma wenye chumvi yake na kisamvu chenye mafuta ya korosho, hatuipeleki kwa changu.

Sasa kanuni sio sheria ya nchi. Samaki akichomwa sana kwenye mkaa na akapakwa ukwaju na pilipili, nyekundu nyepesi iliyopozwa inaweza ikakaa naye vizuri, jaribu mwenyewe uone.

Na pilipili je? Sisi huku chakula bila pilipili hakiendi

Kilevi kinaichochea pilipili, yani waini kali ya asilimia 14 na kachumbari ya pilipili mbuzi utahisi mdomo unaungua mara mbili. Utamu ndo unaipoza. Kwa hiyo pilipili tunaiweka pembeni kwenye kibakuli, anayeitaka sana tunambadilishia waini yake inakuwa yenye utamu kidogo na baridi zaidi. Hakuna atakayekunyima pilipili.

Mimi sinywi pombe, nina nafasi hapo?

Unayo, na sio nafasi ya kukaa ukiangalia wenzako. Wasiokunywa wana vinywaji vyao vilivyopangwa kwa kila sahani kwa hesabu ile ile ya uchachu, utamu na ukakasi: juisi ya ukwaju isiyo na sukari nyingi kwa pweza, dafu kwa ming'oko, juisi ya bibo kwa kuku msimu ukiwepo, chai ya mchaichai mwisho. Msimu wa mabibo mimi mwenyewe naona hao wa juisi wanafaidi zaidi.

Mtwara na Lindi ni kwa Waislamu wengi na sisi wenyewe jikoni tumechanganyika, kwa hiyo haya tumeyaweka wazi tangu mwanzo. Nyama yote imechinjwa halali. Waini haiingii kwenye sufuria hata tone, tunainywa hatuipikii. Glasi za waini zina beseni lake la kuoshea. Na tunajua kuna ndugu zetu ambao hata kukaa meza moja na pombe hawakai, hilo tunaliheshimu bila maneno mengi, na ndo sababu chakula hicho hicho kinapikwa pia siku nyingine mchana bila waini kabisa, familia nzima inakuja na watoto. Mwezi wa Ramadhani hatufanyi shughuli hii.

Mwisho wa siku si nitalewa? Glasi tano!

Sio glasi za kujaza. Kila sahani unamiminiwa kama mililita 75, chupa moja ya mililita 750 inatosha watu kumi. Ukijumlisha tano unakuwa umekunywa mililita 375 hivi, nusu chupa, kwa muda wa saa tatu na chakula kingi tumboni. Hiyo sio kidogo kwa kila mtu, mwenye mwili mdogo ataihisi, kwa hiyo kuna jagi la maji mbele ya kila watu wawili na kuacha waini kwenye glasi sio dharau kwa mtu. Kuna chombo katikati ya meza cha kumwagia, onja kisha mwaga.

Ambao hawatakunywa kwetu hata wakiomba: aliye chini ya miaka 18, mama mjamzito, na yeyote atakayeendesha kurudi. Ukiwa kwenye dozi ya dawa muulize mfamasia kabla, na kama ni flagyl usinywe kabisa, subiri siku nyingine.

Mtaweka na uraka, ile pombe ya mabibo, au tembo la mnazi?

Tunaulizwa hili kila mara na tunaelewa, ni vinywaji vya nyumbani na vina heshima yake. Tatizo ni kwamba uraka na tembo vinaendelea kuchacha kila saa, cha asubuhi sio cha jioni, ukipanga sahani kwa tembo tamu la saa nne likifika saa moja usiku limeshakuwa kali, na hatuwezi kukwambia umekunywa kilevi kiasi gani. Kwenye jioni ya kuhesabu vipimo inatuharibia hesabu. Gongo ndo usiulize, ni marufuku kisheria na imeshaua watu.

Mbona waini nyekundu mnaileta ya baridi? Nilifundishwa inanywewa joto la chumba

Joto la chumba la nani, hilo ndo swali. Huo ushauri umetoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya zenye nyuzi 16 mpaka 18, chumba cha Mtwara mwezi wa kumi na mbili jioni kinapita nyuzi 25 bila shida, na waini nyekundu ikifika huko kilevi kinatangulia puani, tunda linapotea, inakuwa nzito kama sharubati. Kwa hiyo tunaiweka friji kama nusu saa kabla ya kuimimina. Nyeupe tunaileta kwenye nyuzi 8 mpaka 10, ikizidi ubaridi nayo inakufa ladha, ndo maana hatutii barafu ndani ya glasi, barafu inakaa nje kwenye ndoo.

Na hapa niseme kuhusu kununua. Dodoma mpaka huku kwa njia ya Dar ni zaidi ya kilomita 1,000, na chupa ikisafiri kwenye buti la basi au ikikaa dirishani kwa duka juani inapikika. Ukitaka kuijua iangalie shingoni: kizibo kimepanda juu kidogo ya mdomo wa chupa, au karatasi ya juu inanata kwa waini iliyovuja, iache. Ukishaifungua inanuka kama zabibu kavu zilizochemshwa. Sisi mzigo wetu unasafiri usiku na ukifika unakaa chumba cha ndani chenye giza, chupa zimelala. Hatari ni kwamba mtu akinunua chupa iliyopikwa anasema waini ya Dodoma mbaya, anamhukumu mkulima kwa kosa la jua la barabarani.

Sijui chochote kuhusu waini, nitaonekana mshamba?

Hapana, na hakuna atakayekuuliza unasikia harufu ya nini. Shika glasi kwenye kijiti chake ili mkono usiipashe moto, nusa, piga funda dogo, lizungushe mdomoni, meza, halafu jiulize mambo mawili tu: mate yamejaa au mdomo umekauka? Mate yakijaa hiyo ni uchachu, mdomo ukikauka hiyo ni tanini. Ukishajua hayo una uwezo wa kupanga chakula chako mwenyewe. Fundi wa kuonja waini na bibi aliyepika nazi miaka yote wanatumia ulimi ule ule, na bibi mara nyingi anaonja haraka zaidi.

Nina aleji

Tuambie wakati unabuku, sio ukishakaa. Korosho ipo kwenye sahani zaidi ya moja na aleji ya korosho inaweza kumuua mtu, kwa hiyo mwenye aleji hiyo tunamshauri asije kabisa jikoni kwetu, hatuwezi kumuahidi kwamba kinu hakijagusa korosho. Aleji ya kamba, kaa au pweza tunaweza kupanga. Asiyekula nyama anapata mbaazi za nazi na kisamvu na hatojuta, mbaazi za huku na Chenin Blanc zinaelewana sana.

Bei na kubuku?

Bei inatangazwa na kila tarehe kwa sababu samaki wa kipindi cha kusi bahari ikichafuka sio bei ya samaki wa kaskazi bahari ikitulia, na hatutaki kumbana mvuvi ili bei yetu isibadilike. Unalipa nusu kuweka nafasi, nusu ukifika. Ukiahirisha siku mbili kabla tunakurudishia advansi yote, ukiahirisha siku yenyewe haturudishi kwa sababu pweza wako ameshanunuliwa feri asubuhi na mama aliyemleta ameshalipwa.

Nafikaje, na narudije usiku?

Kutoka Mtwara mjini ni kama kilomita 10, bajaji zipo, ukiliona lile Boma la Wajerumani la mwaka 1895 umeshafika Mikindani, piga simu tukuelekeze. Kurudi tunapanga bajaji za watu tunaowajua na madereva wanakula na sisi bila kuonja. Wanaotoka Lindi mjini ni kama kilomita 100, wa Masasi ndo mbali zaidi, tafadhali lala, gesti za bei ya kawaida zipo Mikindani na Mtwara mjini. Njoo saa kumi na mbili kamili, tunaanza na nusu. Vaa unavyojisikia ila mikono mirefu itakusaidia, mbu wa ghuba wanatoka saa hiyo hiyo.

Naweza kufanya kitu kama hiki nyumbani kwangu?

Fanya, tena utatufurahisha sana. Anza na chupa mbili tu, nyeupe kavu moja na nyekundu moja, korosho za kukaanga, samaki wa nazi na kuku wa kuchoma. Onjeni kila chakula na waini zote mbili, kila mtu aseme ipi imekaa wapi, mtabishana na mabishano hayo ndo yanafundisha. Waini ikibaki rudisha kizibo, weka friji hata kama ni nyekundu, imalize ndani ya siku tatu. Ikishachacha zaidi ya hapo usiimwage, itie kwenye kachumbari badala ya siki, kama nyumbani kwako waini jikoni sio tatizo.